Akiba ya Mshono

Katika karakana ile kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na wala hapakuwa na mtu aliyethubutu kuivunja: mkasi ukishaingia kwenye kitambaa, hautoki mpaka mstari uishe. Mkataji anaweza kuitwa na mwenye mali, anaweza kuwashwa pua, anaweza hata kuletewa habari kwamba mkewe amejifungua, naye atajibu "nimesikia" huku mkono unaendelea na safari yake. Sababu ni kwamba ukisimama katikati halafu ukaanza upya, makali huacha jino, yaani kijincha kidogo cha kitambaa kinachochomoza pale mikato miwili ilipokutana. Jino likionekana kwenye ukosi wa shati la mtu, aibu si ya mkataji peke yake, ni ya karakana nzima.

Mtu tunayemsimulia hapa aliishika sheria hiyo kwa miaka kumi na minane, na kwa jinsi mistari yake ilivyonyooka, watu walimwita Rula. Jina lake halisi walilijua mkewe na karani wa hospitali. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, bega la kulia limeinama kidogo kwa ajili ya meza, na mkewe alikuwa akimtania kwamba hata chakula anakula kama anavyokata: akianza sahani, hainui kichwa mpaka ayaone maua yaliyochorwa chini ya sahani. Rula alijivunia utani huo kuliko alivyokubali kuonyesha.

Karakana ilishona sare za shule na makoti ya wauguzi. Mwenye mali alikuwa mama mjane, mnene, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni, na kila mtu alimwita Shangazi ingawa hakuwa shangazi wa yeyote mle ndani. Vyerehani vilikaa upande wa madirisha. Upande wa pili ilikuwapo meza ya kukatia, na hapo walisimama watu wawili: Rula, na mwenzake aliyeitwa Chaki, mwembamba, mdomo haupoi, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora vipande juu ya kitambaa kabla havijakatwa.

Ukutani nyuma ya meza ilipigiliwa misumari, kila mkataji na wake. Mkasi wa kazi hauazimwi, kwa sababu huzoea kiganja cha mwenyewe, na ukitiwa katika mkono mwingine hukata upande. Mtu akiacha kazi, au akifa, mkasi wake huteremshwa na msumari hung'olewa siku hiyo hiyo, tundu likazibwa kwa kipande cha sabuni. Kwa hiyo ukitaka kujua nani bado ana kazi pale huulizi mtu, unatazama ukuta.

Homa ilimpata mwanzoni mwa mvua. Ilipita mtaa mzima, ikalaza watu, ikawaacha. Rula alilala siku kumi, na siku ya kumi na moja akaoga mwenyewe, akavaa, akaenda kazini kama wenzake wote walioumwa pamoja naye. Alikata mpaka saa sita mchana, akacheka na Chaki, akarudi nyumbani anatembea vizuri tu. Kesho yake hakuweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto.

Hapo ndipo habari yenyewe ilipoanza, na ni habari ngumu kueleza kwa sababu haina kidonda cha kuonyesha watu. Uchovu ule haukuwa huu tunaoujua sisi, wa kazi nyingi, unaotoka kwa chakula na usingizi. Ulikuwa na hila. Rula alipofanya jambo dogo haukumgusa. Ulimwacha amalize, ukamwacha afurahi, halafu ukaja kumkamata kesho yake au keshokutwa. Alibadilisha balbu ya jikoni Jumatatu, na Jumatano kijiko kikamshinda. Alimsaidia binti yake, mtoto wa miaka kumi na mmoja, hesabu za sehemu kwa dakika kumi, wakacheka pamoja, na siku mbili baadaye alikuwa chumbani pazia limefungwa, kichwa kimejaa pamba, maneno ya watu yanamfikia nusu nusu. Alinyoa ndevu akiwa amekaa. Alioga akiwa amekaa kwenye stuli ya plastiki. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya kwanza, ngazi kumi na saba, na kwenye ngazi ya tisa aliweka kituo, akijifanya anafunga kamba za viatu. Majirani walifika mahali wakaanza kuulizana viatu vya mtu huyu vina kamba za namna gani.

Hospitalini walimpima kila kinachopimika. Damu safi, mapafu safi, moyo safi. Daktari wa kwanza alimwambia, "Mzee, uko sawa kabisa, nenda kafanye mazoezi," naye akatoka pale na haya usoni, mtu mzima, kana kwamba amekamatwa akidanganya. Kwa kweli alitamani wangemkuta na ugonjwa, hata mbaya, ilimradi uwe na jina. Tusimcheke. Mtu mwenye bandeji hupishwa njiani, na yeye hakuwa nayo.

Daktari wa pili, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alimsikiliza mpaka mwisho bila kuandika kitu.

"Nakuamini," alisema. "Ile homa imeondoka lakini mwili wako haujapata nguvu zake. Hutokea. Wengi hupata nafuu, ila polepole mno, na mimi sina sindano ya kuharakisha."

"Sasa nifanye nini, daktari?"

"Uwe unaacha kabla hujachoka. Usingoje uchoke ndipo uache. Kabla."

Rula aliitikia kwa adabu, akashukuru, akatoka. Hakuelewa hata kidogo. Kwake yeye kulikuwa na sehemu moja tu ya kuachia, nayo ni mwisho wa mstari.

Mkewe alifanya kazi kwa dobi mmoja mkubwa anayefua mashuka ya hospitali. Alipiga pasi amesimama kuanzia asubuhi hadi jioni, na miezi ile ya kwanza alirudi akapika, akafua, akamkanda mumewe miguu, mdomo wake mtamu. Lakini binadamu ana kiasi chake. Jioni moja aliingia, vifundo vya miguu vimevimba, akakuta sufuria la asubuhi bado liko kwenye sinki na mumewe yuko kitandani.

"Baba watoto, leo umefanya nini?"

"Nimeosha vikombe viwili."

"Vikombe viwili." Alivua kiatu kimoja, akakaa nacho mkononi. "Mimi nimenyoosha mashuka ya wodi sita. Sasa tuambizane, kati yangu na wewe nani amechoka?"

Mke aliingia jikoni, na baada ya muda mfupi sauti ya maji ikafuatwa na sauti ya kilio kinachobanwa ili mtoto asisikie. Chumba na jikoni vilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Rula alitaka kwenda. Alitaka kumshika bega, asiseme chochote, amshike tu. Aliamuru miguu, na miguu ikakaa pale pale chini ya shuka. Alimsikiliza mkewe analia hatua nane kutoka alipolala, akalia na yeye, kila mtu upande wake wa ukuta.

Chaki alikuwa akija kila Jumapili. Alikaa kwenye kiti cha pembeni ya kitanda, akapiga soga za karakana zote, nani kamkasirikia nani, cherehani gani kimekatika mkanda, na mwisho wa kila ziara Rula alimuuliza swali lile lile kwa sauti ya kujifanya hajali.

"Na ukuta?"

"Upo hapo hapo. Mkasi wako naufuta vumbi kila Ijumaa, bila kuufungua, usije ukaniona mchawi."

Jumapili moja Chaki alileta habari nyingine. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, oda zimejaa, na Shangazi alikuwa amemleta mkataji wa kushikilia, mtu wa makamo kutoka karakana nyingine.

"Anatundika wapi mkasi wake?" Rula aliuliza.

"Hatundiki. Anauweka kwenye mfuko wake, anaondoka nao."

"Lakini ameulizia msumari?"

Chaki alitazama dirishani. "Ameulizia," akasema.

Kumwaga unga, yaani kupoteza kazi, ni jambo linalompata mtu yeyote, na wengi hulipata wakalisahau. Ila Rula alikuwa ameingia pale akiwa na miaka ishirini na tatu, na kila alichokuwa nacho, kuanzia kitanda alicholalia hadi heshima ya ngazini, kilipitia kwenye mkasi ule. Usiku hakulala vizuri. Jumatano iliyofuata aliamka mwili mwepesi, jambo ambalo hakuwa amelionja kwa wiki nyingi, na badala ya kuitunza siku hiyo, akapiga moyo konde, akavaa shati la kazi. Mkewe alikuwa ameshaondoka. Alishuka ngazi zote kumi na saba bila kufunga kamba.

Karakana ilimpokea kwa vigelegele vya mafundi wa kike. Mkataji wa kushikilia alisogea pembeni kwa adabu. Shangazi alivua miwani, akamtazama toka juu mpaka chini, akasema, "Una hakika?" Rula akasema ana hakika, akautoa mkasi kwenye msumari, na ule uzito ukakaa kiganjani mwake.

Kilichofuata inabidi nikieleze taratibu, kwa sababu ni kosa ambalo asiyekuwa mkataji hawezi hata kulifanya. Mashati hukatwa kwa tabaka nyingi zikiwa zimepangwa moja juu ya nyingine. Kitambaa cha siku ile kilikuwa na uso: upande mmoja unang'aa, upande mwingine umefifia. Kitambaa cha namna hiyo hutandikwa uso kwa uso, tabaka la kwanza likitazama juu, la pili likitazama chini, na kuendelea hivyo, ili kipande kimoja kilichochorwa kitoe mkono wa kushoto na wa kulia kwa pamoja. Rula alitandika tabaka arobaini. Alizitandika kwa haraka, anatabasamu, jasho jembamba kwenye paji la uso, na zote arobaini zilitazama juu. Kichwa kilikuwa kimeshaanza kujaa pamba naye hakukiri. Chaki alikuja na chaki yake akachora mkono mmoja tu, kama siku zote, kwa sababu katika miaka kumi na minane hakuwahi kufunua tabaka za Rula kuzikagua. Kufanya hivyo kungekuwa matusi.

Mkasi uliingia, ukatoka mwisho wa mstari. Bila jino hata moja. Mafundi walipofungua fungu wakakuta mikono arobaini ya mashati, imekatwa vizuri ajabu, na yote ni ya kushoto.

Kwanza walicheka. Chaki alisema itabidi watafute shule ambayo watoto wake hawana mkono wa kulia. Halafu wakamwona Rula ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, midomo imekuwa ya kijivu, na kicheko kikafa. Kitambaa cha rangi ile kilikuwa kimekwisha dukani. Chaki alimrudisha nyumbani, na ngazi zile kumi na saba alimpandisha mgongoni, mtu mrefu juu ya mtu mwembamba, majirani wanatazama, na mara hii hakuna aliyesema habari za kamba.

Wiki tatu hakutoka kitandani. Siku alizolala nyuma zilikuwa mchezo. Mwanga wa dirisha ulimuumiza, sauti ya kijiko kwenye kikombe ilimuumiza, na mkewe alimlisha uji kwa mkono wake kama mtoto. Siku ya nne ya hali hiyo mke aliweka bakuli chini.

"Nilidhani unajidekeza," alisema. "Sikukuambia, lakini moyoni nilidhani hivyo. Nisamehe."

Rula alisogeza kidole kimoja juu ya shuka mpaka kikagusa mkono wake. Ndicho kilichokuwa na nguvu siku ile.

Mwishoni mwa wiki ya tatu Shangazi alikuja mwenyewe. Alipanda ngazi akihema, akakataa soda, akakaa kwenye kiti cha Chaki, na mapajani akaweka kitu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa cha koti la muuguzi. Rula alikijua kabla hakijafunguliwa.

"Shikamoo, Shangazi," alisema, sauti haifiki mbali.

"Marahaba, mwanangu." Aliufungua ule mkasi, akauweka juu ya kabati dogo kando ya kitanda. "Usiniangalie hivyo. Nimeutoa ukutani kwa sababu ukiwa kule unakuita. Nimekaa nikafikiri, huyu mtu hatapona mpaka mkasi wake ulale naye chumba kimoja."

"Na msumari?"

"Msumari nimeuacha."

Kisha Shangazi akaendelea, uso mkavu kama wa mtu anayesoma barua ya mwingine, kwa kuwa hakupenda anachokisema. "Ila sitakuficha. Nitakungoja mpaka shule zifungwe na zifunguliwe tena. Msimu mwingine kama huu siwezi kuubeba na mkataji wa mfukoni. Siku nikiung'oa, nitakuja kukwambia mimi mwenyewe, sitamtuma mtu. Na wewe usije tena kunionyesha kwamba umepona. Nimekwishaona mikono ya kushoto ya kutosha."

Alipoondoka, Rula aliutazama mkasi mchana kutwa. Miezi mitano na ushee ndiyo aliyopewa. Aliogopa, na safari hii hakujidanganya kwamba haogopi.

Jibu lilikuja na gauni la shule. Binti yake aliingia chumbani jioni moja amenuna, akasimama mbele ya kitanda, akalivuta gauni lake kwenda chini.

"Baba, mwalimu amesema gauni langu fupi. Mama anasema tusubiri."

"Ligeuze ndani nje, ulilete hapa."

Mtoto alibadilisha nguo, akaleta gauni limegeuzwa. Rula alipitisha kidole gumba kwenye upindo, na pale ndani, chini ya uzi, akakuta vidole vinne vya kitambaa kilichokunjwa, kizima, rangi yake bado mpya kwa kuwa hakikuona jua. Alikuwa amekiweka yeye mwenyewe miaka miwili nyuma. Mafundi huita akiba. Kila nguo ya mtoto huachiwa akiba, pindoni na ubavuni, na hata nguo ya mtu mzima haikatwi juu ya mstari wa mshono. Hukatwa nje yake, kidole kizima, kwa sababu mshono unaopita ukingoni kabisa mwa kitambaa hufumuka siku ya kwanza kuvaliwa. Hata mwanafunzi wa miezi miwili kazini analijua hilo. Rula alilala na gauni lile kifuani, na ndipo yale maneno ya daktari yalipomwingia, miezi minne baada ya kusemwa. Alikuwa akiikata kila siku yake juu ya mstari wenyewe wa mshono, haachi hata uzi mmoja, halafu anashangaa inafumuka.

"Nitalitengeneza," alimwambia binti. "Lakini nitakawia."

Alifumua mishono mitano ya sindano, akaweka chini. Angeweza kufumua hamsini. Mkono ulimwasha kutaka kuendelea, na kuuzuia kulimtoa jasho kuliko kazi yenyewe. Kesho yake akaamka salama. Akafumua mitano mingine. Upindo ambao zamani angeumaliza huku anaongea ulimchukua siku kumi na sita, na katika siku hizo kumi na sita hakuanguka hata mara moja. Binti alilivaa gauni akazunguka nalo chumbani, ukanda wa chini una rangi mpya kidogo kuliko juu, na Rula alifurahi kuliko siku aliyopewa mkasi.

Sitaki kusema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka, maana hayakunyooka. Mara mbili alijisahau. Mara ya kwanza alibishana na jirani kuhusu mabomba ya maji kwa nusu saa, akalala siku tatu; hapo akajifunza kwamba hasira nayo ni kazi. Mara ya pili ilikuwa ndoo ya maji, ambayo hakupaswa hata kuitazama. Lakini alianza kuamka, kukaa, kushuka ngazi sita na kurudi, kesho tena sita, ingawa ya saba ilikuwa pale na miguu inaiomba. Mkewe alishika saa. Alipomwona anaanza kuchangamka kupita kiasi, anatania sana, macho yanang'aa, alisema, "Baba watoto, akiba," na Rula aliacha alichokuwa nacho mkononi, shingo upande mara nyingi, lakini aliacha. Sufuria la asubuhi lililala kwenye sinki siku nyingine, na mke aliliosha bila kuuliza. Siku nyingine alilikuta limeoshwa, na hakuuliza pia.

Mwezi wa tano tangu Shangazi aje, aliushika mkasi. Alikata magazeti ya zamani kitandani, mstari mfupi, kisha akauweka. Shule zilikuwa zimefungwa. Wiki mbili zilibaki kabla ya kufunguliwa. Alimtuma Chaki aseme kwamba atakuja Jumatatu saa nne, na atakaa nusu saa, si zaidi. Chaki alicheka akidhani ni utani, kisha akaona si utani.

Jumatatu saa nne Rula aliingia karakana, mkasi umefungwa kwenye kitambaa chake. Hakuna aliyepiga vigelegele. Yaliyotokea mara ya kwanza yalikuwa yamewatia hofu. Chaki alikuwa ametandika makoti ya wauguzi, uso kwa uso, na kwa mara ya kwanza maishani mwao Rula alifunua tabaka moja moja kwa kidole akazikagua, na Chaki hakuona ni matusi. Kisha akaweka makali kwenye mstari mrefu wa ubavu, akaanza.

Vyerehani vilinyamaza kimoja kimoja. Mkasi ulitembea kwa sauti ile yake ya kutafuna taratibu, kitambaa kinafunguka nyuma yake, mstari umenyooka kama zamani. Rula alihisi furaha inampanda, mabega yanalegea, na kwa furaha hiyo akajua wakati wa kuacha umefika. Alisimama. Mkasi ulikuwa katikati ya kitambaa, shibiri moja tu kabla ya mwisho. Alitoa vidole vyake kimoja kimoja kwenye vishikio, akauacha pale umelala.

Karakana nzima ilikuwa inatazama. Chaki aliinama karibu na sikio lake.

"Umechoka?"

"Bado."

"Sasa malizia. Imebaki shibiri."

"Ndiyo maana naacha," alisema Rula. Miaka kumi na minane ilikuwa imesimama juu ya meza ile inamwangalia.

Mkataji wa kushikilia alinyoosha mkono auchukue mkasi amalize. Shangazi alisema, "Uache," bila kuinua sauti. "Hakuna anayegusa. Atamaliza mwenyewe."

Rula alirudi nyumbani, akalala mchana kutwa kwa makusudi. Kesho yake pia. Lakini siku ya kuogopwa ilikuwa ya tatu, Jumatano, kwa sababu uchovu ule ulipenda kumpa mtu siku mbili za kujidanganya. Asubuhi hiyo mkewe alisimama mlangoni na kikombe cha chai, ameshavaa viatu vya kazi, haingii wala hatoki. Rula alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na kiganja cha kulia kimefunguliwa pajani.

"Vipi?" mke aliuliza.

"Ngoja."

Alikunja ngumi. Akakunjua. Akainua mkono mpaka usawa wa bega, akaushikilia hapo, akasikiliza mwili wake wote kuanzia kisogoni mpaka nyayoni kama mtu anayesikiliza mlango uliogongwa. Kisha akaupeleka mkono ule mbele, akapokea kikombe, na chai haikumwagika. Mke alikaa kitandani karibu naye, akafunika uso kwa ncha ya khanga. Siku ile alichelewa kazini, na huo ulikuwa uchelewaji wake wa kwanza mwaka mzima.

Rula alipofika karakanani asubuhi hiyo, makoti yalikuwa bado yako juu ya meza, mkasi umelala ndani yake kama alivyouacha, na juu yake Chaki alikuwa ameweka karatasi yenye neno moja kubwa: TAFADHALI. Kwa siku mbili watu walikuwa wameizunguka meza ile na kukatia vitu vyao sakafuni. Rula aliondoa karatasi, akaingiza vidole kwenye vishikio, akakata shibiri iliyobaki. Ilikuwa kazi ya kupumua mara nne.

Shangazi alilichukua koti la juu, akavaa miwani, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo. Kidole kilisimama. Jino lilikuwapo. Kila mtu pale aliliona, na Rula alilitazama bila kukwepa. Shangazi alichukua futi ya kitambaa, akapima kutoka kwenye jino hadi kwenye mstari wa mshono, akapima tena.

"Liko kwenye akiba," alisema. "Litaingia ndani."

Rula aliufuta mkasi kwa kile kitambaa, akaenda ukutani, akautundika kwenye msumari wake.

"Haya, kesho basi," alisema Chaki.

"Keshokutwa," alisema Rula.